Bibi Monica Wilson: Mtu Aliyeuliza Jirani Yetu ni Nani



Sisi wa pande hizi za Mbinga na ukingo wa Ziwa Nyasa tunazijua vizuri habari za wale waliotuletea Injili. Watoto wetu huambiwa habari za Arkidiakono William Percival Johnson, aliyesafiri ziwani kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1928, na kaburi lake lipo Liuli. Ni vema tuwakumbuke watu hao. Lakini yuko mtu mwingine, aliyekaa kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hili hili, ambaye jina lake halitajwi sana kwetu. Yeye hakuja kuhubiri. Alikuja kuuliza na kusikiliza, akayaandika aliyoyasikia. Na kazi ya maisha yake yote ilikuwa kama kulitafutia jibu swali lile ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu, kwamba jirani yangu ni nani. Mtu huyo ni Monica Wilson, profesa wa elimu ya jamii.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1908 mahali paitwapo Lovedale, katika jimbo la Cape, Afrika ya Kusini. Baba yake aliitwa David Hunter na mama yake Jessie McGregor, watu wa misheni ya Waskoti. Lovedale ilikuwa shule kubwa katika nchi ya Waxhosa. Palikuwa na mafunzo ya ualimu na ya kazi za mikono, palikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na wengi katika Waafrika wasomi wa kwanza wa nchi ile walipitia hapo. Monica alianza masomo yake pale pale, darasa moja na watoto wa Kiafrika. Jambo hilo dogo lilimkaa moyoni. Alipokuwa mtu mzima aliona serikali ya nchi yake ikitunga sheria za kuzitenga shule kwa rangi, na yeye alijua kwa macho yake mwenyewe kwamba watoto wanaweza kuketi pamoja bila neno.

Mwaka 1927 alikwenda Uingereza, katika Chuo cha Girton, Cambridge. Alianza na historia, kisha akageukia anthropolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya watu. Mwaka 1931 alirudi kwao kufanya uchunguzi katika nchi ya Wapondo, kati ya milima na bahari, mashariki ya jimbo la Cape. Alikuwa msichana wa miaka 23. Alikaa kwenye maduka ya vijijini, mahali wanawake walipokuja kununua chumvi na nguo, akaketi nao akawasikiliza. Lakini hakuishia kijijini. Aliwafuata Waafrika mpaka kwenye mitaa yao katika mji wa East London, na mpaka kwenye mashamba ya Wazungu walikofanya kazi. Kwa kazi hiyo alipata shahada ya udaktari mwaka 1934, na kitabu chake kikatoka mwaka 1936.

Siku zile wataalamu wengi waliandika habari za kabila kama vile watu wake wanaishi kisiwani, wametengwa na dunia. Bibi Monica alionyesha kwamba Mpondo analima kwa plau iliyotoka kiwandani, analipa kodi ya serikali, anavaa blanketi la dukani, na kijana wake yuko chini ya ardhi akichimba dhahabu ya Johannesburg. Mzungu wa mjini na Mpondo wa kijijini wamekwisha kufungwa kamba moja, ingawa mmoja amekalia kiti na mwingine amekaa chini. Kama ni hivyo, basi hawa si mataifa mawili. Ni jamii moja isiyotaka kujikubali kuwa ni jamii moja.

Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, Mwingereza, mwanaanthropolojia kama yeye, mtoto wa John Dover Wilson, aliyekuwa mtaalamu mashuhuri wa tamthilia za Shakespeare. Godfrey alikuwa ametangulia Tanganyika mwaka 1934, katika nchi ya Wanyakyusa, kule Rungwe na tambarare za ziwani tunazoziita leo Kyela. Bibi Monica akamfuata, wakakaa huko mpaka mwaka 1938. Wale kati yetu waliosafiri kwa meli kutoka Mbamba Bay na Liuli mpaka Itungi wanaijua nchi ile: mvua nyingi, migomba mingi, na mlima Rungwe kwa mbali. Injili ilikuwa imefika huko mwaka 1891 kwa mikono ya Wamoravian na Walutheri wa Berlin. Kwa hiyo Bibi Monica alikuta Wakristo na wasio Wakristo wakiishi bega kwa bega, akachunguza habari za wote. Alisaidiwa na Wanyakyusa wenyewe, na mmoja wao alikuwa karani aitwaye Leonard Mwaisumo, aliyetafsiri maneno na kuandika mengi ambayo mgeni asingeyapata peke yake.

Hapo naomba tukae kidogo, maana habari za Wanyakyusa wa siku zile zina mafundisho kwetu.

Jambo la kwanza lililomshangaza lilikuwa vijiji vya marika. Kwetu, na kwa makabila mengi, mtu hukaa na ukoo wake. Kwa Wanyakyusa haikuwa hivyo. Kijana alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka kufikia kama miaka 10 au 11, kisha aliondoka nyumbani akaenda kujenga kibanda pamoja na vijana wa rika lake. Mchana walikwenda kwa mama zao kula, leo nyumba hii na kesho nyumba ile, na usiku walirudi kwenye kijiji chao. Walipooa, waliwaleta wake zao hapo hapo, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi palifanyika sherehe kubwa, ambayo kwayo wazee walikabidhi madaraka kwa vijana wao. Sababu moja ya mpango huo ilikuwa adabu: mke wa mtoto hakutakiwa hata kumtazama mkwewe wa kiume, ndiyo maana baba na mwana walikaa vijiji mbalimbali.

Wanyakyusa walikuwa na neno lao, ukwangala, maana yake furaha ya kuketi na wenzako, kula pamoja na kuzungumza pamoja. Mtu anayekula peke yake alihesabiwa kuwa si mtu mwema. Kitabu cha kwanza alichoandika Bibi Monica juu yao, kilichotoka mwaka 1951, kilipewa jina kutokana na wazo hilo la wenzi wema.

Jambo la pili lilikuwa uchawi. Bibi Monica hakucheka imani hizo, wala hakuzipamba. Aliuliza swali la kielimu: kwa nini watu wa mahali hapa humwogopa mchawi wa namna hii, na watu wa mahali pale mchawi wa namna nyingine? Wanyakyusa walisema mchawi husukumwa na uroho wa chakula, hutamani nyama na maziwa ya jirani, hukausha maziwa ya ng'ombe wa wenzake. Wapondo walisema mchawi husukumwa na tamaa za mwili. Katika makala yake ya mwaka 1951 alieleza kwamba kila jamii humtengeneza mchawi wake kutokana na mahali panapoiuma. Wanyakyusa walikaa na majirani wasio ndugu, ambao waliona kila siku nani anakula nyama na nani hali. Hapo wivu ulikuwa wivu wa sahani. Wapondo walikaa katika miji mikubwa ya ukoo, ambamo wengi hawakuruhusiwa kuoana. Hapo shaka ilikuwa shaka ya namna nyingine. Kwa maneno mepesi, tukitaka kujua ugonjwa wa kijiji, tutazame ni nani anayetuhumiwa, na ni nani anayemtuhumu.

Ndugu zangu, mambo haya hayako mbali na sisi. Katika nchi yetu wako akina mama wazee ambao wamefukuzwa nyumbani kwao, na wengine wameuawa, kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini. Mtoto akifa, ng'ombe akifa, biashara ikianguka, tunatafuta mtu. Na mtu tunayempata karibu kila mara ni yule asiye na wa kumtetea: mjane, mgumba, aliyebaki peke yake. Bibi Monica angetuambia tusianze na macho ya bibi kizee. Tuanze na ugomvi wa shamba, deni lisilolipwa, urithi uliogawanywa vibaya.

Jambo la tatu ndilo lililomgusa zaidi, naye alilirudia katika vitabu viwili vya mila za Wanyakyusa, cha mwaka 1957 na cha mwaka 1959. Wanyakyusa waliamini kwamba manung'uniko ya watu wema, wakimnung'unikia mkosaji, yana nguvu kama upepo wa baridi. Waliita pumzi ya watu. Mtoto asiyemheshimu baba, mtu aliyewanyima jirani zake nyama ya sherehe, pumzi hiyo ilimpata akashikwa na homa. Lakini walijua pia kwamba hasira iliyofichwa ndani huharibu kila kitu. Kwa hiyo kabla ya tambiko, ndugu na wazee walitakiwa kuyatoa moyoni yote waliyokuwa nayo dhidi ya wenzao. Kila mmoja aliyasema waziwazi, na kupuliza maji kutoka kinywani kukawa alama ya kwamba hasira imetoka. Mtu akija na tabasamu huku ameficha kinyongo, tambiko halifai kitu. Ni ovyo.

Bibi Monica, aliyekuwa Mkristo wa kweli wala hakuona haya kusema hivyo mbele ya wataalamu wenzake, aliuona hapo ukweli ambao Kanisa linaujua. Bwana wetu ametuagiza tukiwa na neno na ndugu yetu tuiache sadaka mbele ya madhabahu, tukapatane naye kwanza. Padre hutualika kwenye meza ya Bwana kwa masharti ya toba na upendo kwa jirani. Ni mara ngapi tumesogea pale tukiwa hatusalimiani na mtu wa benchi la nyuma? Wale wazee wa Rungwe, wengine wao wasiobatizwa, wangetuuliza kama kweli tumekwisha kupuliza maji.

Turudi kwenye safari yake. Mwaka 1938 Godfrey aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi mpya ya utafiti katika mji wa Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Huko alichunguza maisha ya wafanyakazi wa migodi katika mji wa Broken Hill, unaoitwa leo Kabwe. Wenye migodi hawakupenda. Mtu huyu alikaa na wafanyakazi kama rafiki, tena alikuwa na msimamo wa kukataa kubeba silaha vitani. Mwaka 1941 akajiuzulu. Yeye na mkewe wakaandika pamoja kitabu kidogo juu ya mabadiliko ya jamii, kilichotoka mwaka 1945.

Wazo la kitabu hicho ni rahisi kulieleza. Zamani mtu alitegemea watu mia chache wa karibu yake. Sasa anategemea maelfu asiowajua: anayeshona shati lake yuko nchi nyingine, anayenunua kahawa yake yuko ng'ambo. Jamii imepanuka. Jamii ikipanuka, sheria na dini na moyo wa kujaliana havina budi kupanuka pia. Yakipanuka mambo ya fedha peke yake, vurugu hutokea. Mgodi unataka mikono ya mtu lakini hautaki mke wake wala watoto wake wala kura yake. Hali hiyo haiwezi kusimama. Sisi wenye kahawa hapa Mbinga tunalielewa wazo hilo bila kwenda chuoni.

Lakini Godfrey hakukiona kitabu hicho. Wakati wa vita aliingia katika kikosi cha matibabu cha jeshi la Afrika ya Kusini, ili ahudumie bila kuua. Alishikwa na ugonjwa wa huzuni nzito, na mwezi wa Mei 1944 akajitoa uhai. Bibi Monica aliachwa na watoto wawili wadogo wa kiume, naye ana miaka 36. Nayaandika haya bila kuficha, kwa sababu katika nyumba zetu pia limewahi kutokea, na kwa sababu mara nyingi tumewatesa wajane wa namna hiyo kwa maneno. Yeye alichukua madaftari ya mumewe, yaliyojaa habari za Rungwe, akaketi akayafanyia kazi pamoja na yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Kitabu chake cha mwisho juu ya Wanyakyusa kilitoka mwaka 1977.

Mwaka huo huo wa msiba alianza kufundisha katika Chuo cha Fort Hare, karibu na Lovedale alikozaliwa. Fort Hare kilikuwa chuo cha juu cha Waafrika, na hata kutoka Afrika ya Mashariki walikwenda vijana huko. Yusuf Lule, aliyekuwa Rais wa Uganda mwaka 1979, alisoma hapo. Alikuwapo pia Profesa Z. K. Matthews, Mwafrika msomi, ambaye mwaka 1953 alitoa wazo la kuitisha mkutano wa watu wote wa Afrika ya Kusini. Mkutano huo ulifanyika mwaka 1955 ukapitisha Hati ya Uhuru, iliyosema nchi ile ni ya wote wakaao humo, weusi na weupe. Kwa sababu hiyo Matthews alikamatwa mwaka 1956 pamoja na wenzake, wakashitakiwa kwa uhaini.

Baada ya Fort Hare, Bibi Monica alikuwa profesa katika chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown, na tangu mwaka 1952 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, mpaka alipostaafu mwaka 1973. Sasa fikirini wakati wenyewe. Mwaka 1948 Makaburu walishika serikali. Mwaka 1950 ilitoka sheria ya kumwandika kila mtu kwa rangi yake, na nyingine ya kuwagawia watu mitaa ya kukaa kwa rangi. Mwaka 1959 sheria ikafunga milango ya vyuo vikuu vya Wazungu kwa wanafunzi weusi. Na mwalimu huyu alikuwa anafundisha, mwaka baada ya mwaka, kwamba watu wa nchi ile ni jamii moja. Hakubeba bunduki, wala hakuwa mtu wa kupanda jukwaani sana. Alisema ukweli darasani na kwenye maandishi, mahali ambapo uongo ulilipwa mshahara.

Nitataja mambo mawili ya kazi yake ya siku hizo.

La kwanza ni historia. Watoto wa Kizungu walifundishwa kwamba nchi ilikuwa tupu, kwamba Jan van Riebeeck alipofika Cape mwaka 1652, Wabantu nao walikuwa ndiyo kwanza wanaingia kutoka kaskazini. Basi hawana haki kuliko mgeni mwingine. Bibi Monica alizichukua habari zilizoachwa na Wareno wenyewe, mabaharia waliovunjikiwa na meli kwenye pwani ile, kama ile meli iitwayo São Bento mwaka 1554. Walionusurika walitembea kwa miguu kuelekea Msumbiji, wakaandika waliokutana nao njiani. Humo walikuwamo watu weusi, wafugaji na wakulima, wakiishi pwani ile karne nzima kabla ya van Riebeeck. Pamoja na Leonard Thompson alihariri historia kubwa ya Afrika ya Kusini, juzuu mbili, mwaka 1969 na 1971, iliyoanza na wenyeji badala ya kuanza na meli za Ulaya. Sheria zilikataza kunukuu maneno ya watu waliopigwa marufuku. Kwa hiyo katika nakala zilizouzwa Afrika ya Kusini sura moja nzima ya juzuu ya pili, iliyohusu harakati za uzalendo wa Waafrika, iliondolewa, zikaachwa kurasa tupu. Kila aliyefungua kitabu alikutana na weupe ule akajua kuna jambo linalofichwa.

La pili ni habari ya mwanafunzi wake, Archie Mafeje. Alikuwa kijana wa Kixhosa, mwenye akili sana. Yeye ndiye aliyekwenda kukaa na kuuliza katika mtaa wa Langa, mtaa wa Waafrika mjini Cape Town, ambako wanaume wengi waliwekwa mabwenini huku wake zao wamezuiwa kuja mjini. Kitabu cha Langa kilitoka mwaka 1963 kwa majina yao wote wawili. Mwaka 1968 chuo kikuu kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri katika idara aliyokuwa akiiongoza Bibi Monica. Serikali ikatisha, na baraza la chuo likafuta uteuzi. Wanafunzi, walio wengi Wazungu, waliingia katika jengo la utawala wakakaa humo kwa siku nyingi kupinga. Haikusaidia. Mafeje hakupata kazi ile.

Ndipo hadithi inapokuja kwetu. Mwaka 1969 Mafeje alifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza idara ya sosholojia mpaka mwaka 1971. Mtu aliyekataliwa kwao kwa rangi ya ngozi yake, alipewa ofisi na wanafunzi hapa kwetu. Na mwaka 1971 aliandika makala maarufu, akiwalaumu wataalamu, na walimu wake wamo, kwa kuwatazama Waafrika kila mara kwa kioo cha kabila. Alisema hata lugha yake ya Kixhosa haina neno la kabila kwa maana waliyoitumia wao. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliomba radhi baadaye sana. Familia yake iliipokea radhi hiyo mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya yeye kufa.

Basi Bibi Monica hakuwa malaika. Wasaidizi wake wa Rungwe walifanya kazi kubwa, na jina kwenye jalada likawa lake. Mwanafunzi wake alimpita, akaona ambayo yeye hakuyaona. Sisi tuliofundisha tunajua kwamba hiyo si aibu kwa mwalimu. Aibu ni pale mwalimu anapomziba mwanafunzi mdomo.

Mwaka 1969 pia alialikwa Cambridge kutoa mihadhara ya dini, iliyochapwa mwaka 1971. Humo alikusanya mawazo yake yote. Alisema, kwa kifupi, kwamba dini ya zamani ilimfunga mtu na jamaa zake, walio hai na waliokufa. Jamii ikipanuka, dini nayo huitwa ipanuke, imwone ndugu katika mtu ambaye hatuna damu moja naye wala lugha moja. Kanisa likibaki kuwa la ukoo, au la kabila, au la rangi, limeikataa kazi yake.

Alipostaafu alihamia kwenye nyumba ya wazazi wake huko Hogsback, milimani, si mbali na Lovedale. Mwaka 1976 alishuhudia jambo la kusikitisha. Serikali iliitangaza Transkei kuwa nchi huru, na kwa sheria watu wake wakavuliwa uraia wa Afrika ya Kusini. Wapondo walikuwa humo. Watu wale wale aliowaonyesha tangu mwaka 1936 kuwa wamejenga nchi kwa jasho lao migodini, walifanywa wageni ndani yake kwa karatasi moja. Hapa Ruvuma wazee wetu wanalielewa jambo hilo. Walipokea wakimbizi waliovuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, watu waliotawaliwa katika nchi yao wenyewe kama wapangaji.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya urafiki. Profesa Matthews alikuwa amefariki mwaka 1968, akaacha habari za maisha yake hazijakamilika. Bibi Monica alizitengeneza na kuzimalizia, zikatoka mwaka 1981. Alifariki huko Hogsback tarehe 26 Oktoba 1982, akiwa na miaka 74. Hakuishi kuuona mwezi wa Aprili 1994, Wapondo na Waxhosa na Wazungu waliposimama katika mstari mmoja kupiga kura.

Wapendwa, nimeyaandika haya kwa sababu moja. Haki za binadamu na uraia tumezoea kuyasikia redioni na mikutanoni, tukadhani ni mambo ya wakubwa. Bibi Monica aliyaanza kijijini, kwa kuketi sakafuni na wanawake. Aliona kwamba nchi nzima huharibika kwa njia ile ile kijiji kinavyoharibika: kuna mtu tunayemhitaji lakini hatutaki kumhesabu, na kuna hasira tunayoificha mpaka itafute wa kumwangukia. Serikali ya Makaburu ilimfanyia Mpondo jambo lile lile ambalo kijiji humfanyia bibi kizee asiye na mtoto.

Jumapili ijayo, kabla ya kusogea altareni, kila mmoja wetu ajiulize ni nani katika kitongoji chake asiyehesabiwa. Kisha aende kumsalimu kabla ya Misa, wala si baada yake.

Mungu ampumzishe mtumishi wake Monica, na Godfrey mumewe, na wote waliokufa katika huzuni ambayo watu hawakuielewa. Amina.